Kibodi Isiyo na A na Bendera Moja ya Tawa

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Shule yetu, hapa nje kidogo ya Mutomo, ina sheria kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne akifika muhula wa pili anarudisha vyeo vyote ili asomee mtihani. Kwa hivyo Ijumaa iliyopita nilimrudishia Madam Ndinda funguo za maabara ya kompyuta, nikatia sahihi kwenye daftari lake, na utumishi wangu wa miaka mitatu na kidogo ukaisha kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyelia. Mtu mmoja aliuliza kama naacha na kufuli ya sanduku langu.

Madam alinituma niandike kurasa chache kwa nyinyi mnaobaki kwenye klabu. "Andika mambo ya kusaidia watu, Kyalo," akasema. "Sio mchezo." Nitajaribu. Vyeo nitaviruka. Nilikuwa katibu kwa sababu nilikuwa na kalamu siku ya uchaguzi, na nikawa mwenyekiti kwa sababu aliyenitangulia alihamia klabu ya drama, ambayo huwa na safari nyingi. Mshahara pia nitauruka, kwa kuwa haukuwepo.

Nianze na siku ya kwanza, ambayo wengi wenu mmeshaisikia, na kila mara mmeisikia vibaya.

Nilikuwa kidato cha kwanza, wiki ya pili. Maabara ilikuwa na kompyuta tano zilizotoka ofisi fulani ya mbali ambayo haikuzitaka tena. Umeme ulikuwa wa sola, na betri ilitosha saa moja na nusu baada ya chakula cha mchana. Ikipita hapo skrini zote zinazimika pamoja. Madam Ndinda alikuwa ameajiriwa kufundisha kilimo. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kitabu, akiwa ameegemea ule ukuta wa dirishani, na mpaka leo akikwama anaegemea pale pale. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Abdi, wa kidato cha nne, ambaye baba yake hununua mbuzi na ng'ombe soko la Mutomo na kuwapakia kwenye lori. Abdi alikuwa mrefu, mtulivu, na alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako bila kusema kitu mpaka ukosee.

Alinifungulia dirisha jeusi. Nyinyi mnalijua, lakini naandika pia kwa wale watakaokuja: ni dirisha lisilo na picha za kubonyeza. Unaandika amri, unabonyeza Enter, mashine inafanya. "Ukikosea inakuambia umekosea," Abdi akasema. "Haikasiriki. Haikuiti ofisini. Endelea."

Mimi nilikuwa nimewahi kukaa kwa saiba moja ya kompyuta Mutomo, nikiangalia binamu yangu akichapia watu barua, na nilikuwa nimejifunza jambo moja kubwa: ukibonyeza Ctrl pamoja na S, kazi yako inahifadhiwa. Kwa hivyo nilipomaliza mistari yangu miwili nikabonyeza Ctrl na S, kama mtu wa ofisi.

Dirisha likaganda. Nikaandika herufi, hazikuonekana. Nikabonyeza Enter mara nyingi, kimya. Niliona nimeua mashine ya shule wiki ya pili, na nyumbani hatuna mashine ya kulipa. Sasa, kwa kuwa hakuna kilichoonekana, niliamini pia hakuna kilichosikika. Nikaandika "funguka". Nikaandika "funguka tafadhali". Nikaandika maoni yangu kuhusu kompyuta hiyo, kisha kuhusu mama yake, kisha kuhusu mwalimu wa zamu wa siku hiyo, ambaye hakuhusika kwa njia yoyote.

Abdi alikuwa nyuma yangu. Sijui kwa muda gani. Aliita, "Madam, njoo uone," akainama, akabonyeza Ctrl na Q.

Yote yakatoka kwa pamoja. Kila mstari wangu, na chini yake mashine ikijibu kwa adabu kwamba amri hiyo haijulikani. Madam Ndinda alisoma kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu yeye husoma kila kitu mpaka chini, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea.

"Kyalo," akasema. "Hii ya mwisho ni amri ya kufanya nini?"

Darasa lilicheka mpaka betri ikaisha.

Somo la siku hiyo ni hili, na liko wazi: kwenye dirisha jeusi, Ctrl na S haihifadhi kitu. Inasimamisha skrini isiandike. Mashine inaendelea kukusikia, skrini tu ndiyo imenyamaza. Ctrl na Q inaifungua. Abdi aliwasimulia wageni wote kisa hicho, na alipomaliza shule Madam akarithi kazi ya kukisimulia, akiongeza sauti.

Baada ya hapo nilipewa mashine namba tatu. Haikuwa zawadi. Vumbi la huku mnalijua, linaingia hata kwenye yai. Kila Jumatatu desturi ya klabu ni kugeuza kibodi kichwa chini na kuzigonga mgongoni, na kila Jumatatu unatoka mchanga wa kutosha kupanda sukuma wiki. Kibodi ya namba tatu ilikuwa imeshakula sehemu yake. Herufi A ilikuwa imekufa kabisa. Ungeibonyeza kwa kidole, kwa gumba, kwa kiwiko, hakuna. Jaribu kuandika Kiswahili bila A uone kama utafika mbali. Hata jina langu lilibaki Kylo.

"Madam, hii kibodi imeharibika," nilisema.

"Iko na herufi ishirini na tano," Madam akasema. "Anza na hizo."

Abdi ndiye aliyenionyesha njia. Alikuwa na sheria moja, aliyoirudia kama mtu anayehesabu mbuzi: usiandike kitu ambacho mashine inaweza kukuandikia. Kuna kitufe kinaitwa Tab, kushoto, juu ya kile cha herufi kubwa. Unaanza jina la faili au la folda, herufi moja au mbili, unabonyeza Tab, mashine inamalizia jina lote yenyewe. Kama kuna majina mawili yanayofanana inanyamaza. Ukibonyeza mara mbili inakuonyesha yote mawili uchague. Kama ndani ya folda kuna kitu kimoja tu, huhitaji hata herufi. Tab, basi.

"Mbuzi wa baba wakiwa kwa boma, siwaiti kila mmoja kwa jina na la babake," Abdi alisema. "Nafungua mlango. Aliyeko anatoka."

Nikajifunza na mengine kwa njia hiyo ya umaskini. Mshale wa juu unarudisha amri uliyoandika kabla, kwa hivyo amri yenye A uliyowahi kuiandika mahali fulani inaweza kuishi milele. Ctrl na R inakutafutia amri ya zamani ukikumbuka kipande chake. Kufungua faili, wengine wanaandika cat. Mimi nilitumia less, kwa sababu ambayo sasa mnaiona. Nilipohitaji A kabisa, niliitafuta mahali popote kwenye skrini, nikaichagua kwa mausi, na kuibandika kwa kubonyeza gurudumu la katikati. Tuliita kuazima. "Nani ako na A?" ilikuwa sentensi ya kawaida klabuni kwetu, na mgeni akiisikia anatushangaa.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa muhula wa pili. Abdi alificha neno moja kwenye faili la mistari mingi sana, akasema nilitafute. Nilitafuta kwa macho. Nilitumia siku tatu za saa ya chakula, nikishusha mstari mmoja mmoja, na kila siku betri ilikufa nikiwa mahali tofauti. Siku ya nne akaniuliza nimefika wapi.

"Karibu nusu."

"Wallahi, wewe una subira ya ng'ombe," akasema, na akaniambia kuhusu grep, amri ya kutafuta neno ndani ya faili. Nikaiandika, na neno likatokea kabla hajamaliza kukohoa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia Jumatatu. Alisema Jumatatu nisingemshukuru. Bado sijamshukuru.

Michezo hiyo ya kuficha na kutafuta ndiyo wenyewe huita mashindano ya usalama wa mtandao. Mtu anaficha neno la siri mahali ambapo mwizi wa kompyuta angelificha au angelipata, wewe unalitafuta, na ukilipata linaitwa bendera. Unaliandika kwenye ukurasa wa majibu, unapewa alama. Hakuna kinachoibwa. Watu wa drama walieneza habari kwamba tunafundishwa kuingia kwa simu za walimu, na kwa muda fulani tulipata wanachama wengi sana.

Abdi alimaliza akaenda kwa biashara ya babake, na uenyekiti ukapitia kwa yule wa drama mpaka kwangu. Nikiwa kidato cha tatu akaja Mwende, msichana mdogo wa kidato cha kwanza mwenye maswali. Siku yake ya kwanza Madam alimsimulia kile kisa changu, na funguka, na funguka tafadhali, na yote. Wengine wote wa kidato chake walicheka mpaka wakashika meza. Mwende hakucheka. Aliinua mkono.

"Na kama mtu anataka isimame?"

"Hakuna mtu anataka isimame," nikamjibu, kwa sauti ya mwenyekiti.

"Okei," akasema, akaandika kitu kwenye kitabu chake.

Sasa nifike kwenye mwaka huu. Mvua ya mwisho wa mwaka jana ilikuwa nzuri, na Februari maharagwe na ndengu zilijaa. Stoo ya shule ikafurika. Mahindi ya chakula cha wanafunzi yakakosa pa kulala. Siku moja saa saba na nusu mchana Mwalimu Mkuu aliingia maabara akiwa na futi ya kupimia, na mpishi mkuu akishika ncha ya pili. Walipima ukuta kwa ukuta, juu ya vichwa vyetu, kama sisi ni viti.

"Madam," Mwalimu Mkuu akasema, "hiki chumba ni kikavu."

"Ni kikavu kwa sababu ya mashine, sir."

"Hawa watoto wamewahi kuleta nini?"

"Wanajifunza, sir."

"Kujifunza naona. Nauliza kuleta."

Madam Ndinda akaegemea ukuta wake. Alikuwa na barua ya mwaliko kwenye faili, mashindano ya shule za Kitui na Makueni, yangefanyika Tawa baada ya wiki tatu. Akamwonyesha. Mwalimu Mkuu aliisoma, akasema tutapewa gari la shule, na kama tungerudi na hata swali moja tumelitatua, moja tu, chumba ni chetu. Tukirudi mikono mitupu, magunia yanaingia na kompyuta zinawekwa kwenye makatoni mpaka nafasi nyingine ipatikane.

Makatoni tuliyajua. Vyerehani vya somo la ushonaji vilienda kwenye makatoni kabla sijajiunga na shule hii. Vimo humo mpaka leo, chini ya ngazi, na panya wana cherehani.

Walipotoka, Mwende aliendelea kukaa. Mimi nilisema kitu kama usijali, tutaona.

"Wewe huwezi jali," akasema. "Wewe unaondoka. Mimi niko Form Two. Kwetu simu ni kabambe ya mathe, ile ndogo ya vitufe, iko na tochi na redio. Hiki chumba kikienda, mimi nitagusa kibodi wapi tena? Kwa ndoto?"

Huo ndio ulikuwa uzito wa safari ya Tawa, na niuseme waziwazi kwa sababu baadaye watu walidhani tulienda kwa ajili ya soda.

Siku ya soko kabla ya safari nilimtafuta Abdi. Alikuwa katikati ya mbuzi, mkono mmoja ukishika pembe, mwingine ukishika sikio la mbuzi mwingine. Nilimweleza. Alisikiliza huku akibishana na mteja kuhusu meno ya mbuzi.

"Swali la kwanza litakuwa la wanaoanza," akasema mwishowe. "Fanya kama uko kwa namba tatu. Usijifanye mtu wa Nairobi." Kisha akaniambia nishike mbuzi kidogo, na sikuachwa mpaka saa kumi.

Tulitoka alfajiri, Madam mbele na dereva, mimi na Mwende nyuma na chupa ya uji. Tulipita Kitui mjini, tukazunguka, na vilima vikaanza, na kijani kikaanza. Mashamba ya huko yamepandishwa matuta mpaka juu. Mwende aliangalia nje, akasema watu wa Makueni wana maji na bado wanalalamika. Tawa tulifika saa tatu. Ukumbi wa shule mwenyeji ulikuwa umepangwa meza za timu kumi na moja, watu wawili wawili. Simu zetu, yaani ya Madam, ziliachwa mlangoni. Timu ya jirani yetu ilikuwa na masweta yenye nembo na kompyuta zao wenyewe za kukunja. Sisi tulipewa za waandaaji.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa shule nyingine asingeweza kulifanya hata akilipwa.

Kibodi ilikuwa mpya. Nyeusi, safi, haina mchanga. Niliibonyeza A. Ikatoka. Nikaibonyeza tena. Nikajaza mstari mzima wa A, nikaandika jina langu lote kamili, na la babangu, ambalo lina A nne.

"Wee, tumekuja kuandika majina?" Mwende akaniuliza.

Swali la kwanza liliitwa Pango. Unaingia kwenye mashine ya waandaaji kwa mtandao. Ndani kuna folda, ndani ya folda kuna folda, mpaka saba, na chini kabisa kuna programu ya kuonyesha bendera. Majina ya folda hayakuwa na maana yoyote, herufi tupu zilizomwagwa, kila jina refu kama orodha ya vitu vya kuletwa shuleni. Na mlango ulijifunga kila baada ya nusu dakika. Ukifungwa nje unaanza upya.

Mimi, mtu mwenye A, nikaanza kuandika. Naandika jina la kwanza, nakosea herufi ya kumi, narudi. Naandika la pili, mlango unafungwa. Naingia tena, naandika kwa kasi, nakosea kwa kasi. Ilikuwa raha, hilo nalikiri. Vidole vilikuwa vimefunguliwa baada ya miaka mitatu ya kufungwa. Niliendelea hivyo kwa zaidi ya saa moja, na tulikuwa tumepewa mbili. Kule kwa masweta nilisikia mtu akisema wamefika swali la nne.

Madam alikuwa ameketi na walimu wengine nyuma. Niligeuka mara moja nikamwona ametafuta ukuta wa kuegemea.

Mwende akachukua kifuniko cha soda kutoka mezani, akakiweka juu ya kitufe cha A, akakishikilia kwa kidole.

"Hii imekufa," akasema.

"Toa mkono, bana."

"Imekufa, Kyalo. Imekufa tangu ukiwa Form One. Sasa fanya."

Nilimwangalia. Aliangalia skrini. Mikono yangu ilirudi mahali pake yenyewe, kama mtu anayevua viatu vya arusi. Kuendesha programu unaanza na nukta na slash, kile kistari cha mshazari, kisha njia ya kuifikia. Niliandika nukta, slash, Tab. Jina lote likatoka. Tab. La pili. Tab, Tab. Folda ya tano ikanyamaza. Nikabonyeza mara mbili, yakaja majina mawili yanayofanana isipokuwa mwisho, moja na mbili. Nilijaribu moja, halikuwa na kitu. Nikaingia tena, mara hii nikaweka mbili, Tab, Tab, Tab, na jina la programu lenyewe likaja mwishoni bila kuombwa. Sekunde saba, labda nane. Sikuwa nimeandika hata jina moja.

Nikabonyeza Enter. Bendera ikaonekana, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganywa, na kabla sijafika katikati ikajifuta.

"Umeisoma?" nikauliza.

"Umeisoma wewe?"

Tukarudi tena. Ikaonekana, ikajifuta. Na kila tulipoingia upya maneno yalikuwa mengine, kwa hivyo kusoma kipande leo na kipande kesho hakungesaidia. Nilijaribu kuimwaga kwenye faili. Mashine ile haikuruhusu mgeni aandike kitu. Nilijaribu kuipitishia kwa less, rafiki yangu wa zamani. Programu ikagundua haiongei na skrini, ikanyamaza. Mama mmoja wa waandaaji, aliyevaa fulana yao, alipita akisema zimebaki dakika kumi. Nilikuwa nimemaliza yote niliyoyajua. Miaka mitatu ni mingi mpaka uimalize kwa dakika tano.

"Sogea," Mwende akasema.

"Unataka kufanya nini?"

"Ile yako ya siku ya kwanza."

Sikumwelewa. Alivuta kibodi. Nukta, slash, Tab, Tab, Tab, alikuwa na mikono midogo na ya haraka kuliko yangu, akaweka ile mbili, akamaliza, vidole vya kushoto vikangoja juu ya Ctrl na S. Enter. Bendera ikatokea, na akabonyeza.

Dirisha likaganda.

Niseme ukweli hapa. Mkono wangu ulienda kwenye Q. Ulienda wenyewe, kwa aibu ya miaka mitatu, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Kama ningefika, skrini ingefunguka, bendera ingejifuta, na haya yote ningekuwa naandika kwa ajili ya magunia.

"Usiguse!" Mwende alinichapa mkono kwa nguvu mpaka timu ya masweta ikageuka. "Si ulisema hakuna mtu anataka isimame? Mimi nataka. Ikae hapo."

Ikakaa. Programu kule ndani ilikuwa inajaribu kujifuta na haikuweza, skrini ilikuwa haipokei kitu. Nusu dakika ikaisha, mlango ukafungwa, tukatupwa nje, na maneno bado yalikuwa pale pale mbele yetu, yametulia. Mwende aliyaandika kwa biki kwenye kiganja, mimi nikimsomea herufi moja moja, A ikiwemo. Akayaingiza kwenye ukurasa wa majibu. Kisanduku kikawa kijani.

Nyuma yetu nilisikia kiti. Madam Ndinda alikuwa amesimama, na hakuwa ameegemea kitu chochote.

Tulimaliza wa tatu kutoka chini. Masweta walimaliza wa kwanza, na mmoja wao alikuja kutuuliza tulikuwa tunapigania nini. Mwende akamwambia mahindi.

Jumatatu Madam alipeleka cheti ofisini, kilichosema swali moja limetatuliwa. Mwalimu Mkuu alikisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akasema amesema na amesema. Yeye ni mtu wa neno lake, ingawa hulipima kwa futi. Chumba kikabaki chetu. Magunia kumi na mawili ya ndengu yaliwekwa kwenye ukuta wa nyuma, kwa muda tu, na yapo mpaka sasa. Msiyaegemee, yana dudu. Pia yamezuia vumbi la upande ule, kwa hivyo msiyasemee vibaya sana.

Muhula huu zilikuja kibodi mbili mpya, mojawapo ikawekwa namba tatu. Ijumaa hiyo ya kurudisha funguo, baada ya chakula cha mchana, nilichungulia dirishani kuaga, kwa utaratibu tu. Mwende, mwenyekiti mpya, alikuwa amegundisha kifuniko cha soda juu ya A ya kibodi ile mpya. Mwanachama wa kidato cha kwanza alikuwa ameketi mbele yake, amekunja uso.

"Madam Chair, hii herufi haifanyi," akalalamika.

"Ziko ishirini na tano," Mwende akasema. "Anza na hizo."

Yule mgeni akaandika mstari wake wa kwanza, akautazama kwa fahari, na akabonyeza Ctrl na S kama mtu wa ofisi. Skrini ikaganda. Akabonyeza Enter mara nyingi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaanza kuandika kwa hasira, akidhani haonekani. Mwende alikuwa nyuma yake, mikono amefunga, hasemi kitu. Hakuwa na haraka ya kufika kwenye Q. Madam Ndinda alikuwa anakuja upande huo na miwani yake.

Niliondoka kabla hajafika. Yaliyoandikwa hapo si kazi yangu tena.